Sura na Sahihi

Wapo watu ambao furaha yao ni kukusanya picha za waigizaji wa kike wa filamu za zamani, zile zilizotiwa saini. Picha zenyewe aghalabu ni za rangi nyeusi na nyeupe, juu ya karatasi ya kung'aa: mwanamke ameinua kidevu, taa imemwangukia shavuni, macho yanatazama mahali ambapo mtazamaji hayupo. Pembeni, juu ya bega au chini ya mkono, umepita mstari wa wino. Ni kwa ajili ya mstari huo watu hawa huandikiana barua, husafiri na kushindana mnadani. Picha bila wino ni kitu rahisi. Kampuni za filamu zilichapisha nakala zake kwa maelfu na kuzigawa bure kwa kila aliyeziomba. Basi anayelipa fedha nyingi kwa ajili ya wino ananunua nini hasa?

Kiswahili kina neno la kutusaidia hapa. Kabla ya saini kuenea kwa kufuata ndimi za maofisini, watu wa pwani walisema sahihi, na wengi wangali wanasema hivyo. Mtu hutia sahihi. Neno hilo hilo ndilo linalotaja kilicho kweli, kisicho na kasoro. Kwa hiyo anayetia sahihi chini ya waraka haandiki jina tu. Anashuhudia kwamba yaliyo juu yake ni ya kweli na kwamba anayakubali. Mwanamke anayetia sahihi juu ya picha yake, tukilifuata neno, anasema: huyu ni mimi, nami nimeridhia.

Tatizo ni kwamba mara nyingi si yeye aliyesema hivyo. Barua za mashabiki zilipofika kwa magunia, waliokaa kuzijibu walikuwa makatibu, na makatibu hao walijifunza kuiga mkono wa bibi wao hadi ikawa shida kuupambanua. Mahali pengine ulitumika mhuri, na pengine jina lilichapwa pamoja na picha yenyewe. Wajuzi huitazama karatasi kwa kioo cha kukuzia, wakiiinamisha kwenye mwanga: wino wa kalamu hulala juu ya uso wa karatasi na kuonyesha mahali mkono ulipokaza na ulipolegea, na jina lililochapwa halina maisha hayo. Huangalia pia aina ya kalamu. Jean Harlow alifariki mwaka 1937, akiwa na miaka 26. Picha yake yenye saini ya makapeni, kalamu iliyoenea miaka mingi baadaye, inajishitaki yenyewe. Lakini wapo waliojibu wenyewe. Joan Crawford anasifika hadi leo kwa jinsi alivyokaa na kuwaandikia mashabiki wake kwa mkono wake, mwaka baada ya mwaka, kana kwamba ni deni.

Kisa cha Harlow kinastahili kituo. Inajulikana miongoni mwa wakusanyaji kwamba picha nyingi sana zenye jina lake zilitiwa saini na mama yake. Sokoni, picha hizo hushushwa thamani: si mkono wa binti. Lakini jina la kuzaliwa la binti lilikuwa Harlean Carpenter. Jean Harlow lilikuwa jina la mama, jina la usichana wake, ambalo binti alilichukua alipoingia katika filamu. Kwa hiyo mama alipoketi mezani na kuandika Jean Harlow juu ya sura ya mwanawe, aliandika jina lake mwenyewe. Je, alighushi? Mwenye duka atasema ndiyo, na katika hesabu za duka yuko sawa. Lakini mtu mwenye moyo ataona kwamba hapa jina ni la mmoja na sura ni ya mwingine, na aliyekopeshwa ni yule anayetazamwa. Hata kwetu, waliojipanga foleni nje ya Majestic pale Vuga au katika kumbi za Mombasa na Dar es Salaam kwenda kumlilia Nargis na kumstaajabia Madhubala waliyapenda majina ambayo hayakuwa ya nyumbani. Wa kwanza alizaliwa Fatima Rashid, wa pili Mumtaz Jehan. Jina la pazia si uongo maadamu mwenyewe amelivaa kwa hiari. Washairi wetu, wenye lakabu zao, wanalijua hilo.

Lipo jambo jingine sokoni la kushangaza. Picha iliyoandikwa maneno kwa ajili ya mtu maalumu, kwamba hii ni kwa fulani pamoja na salamu, aghalabu hupata bei ndogo kuliko ile yenye jina tupu la mwigizaji. Mnunuzi hataki kuona jina la mwenziwe. Lakini ni katika picha ile ya bei ndogo ndipo tendo la kutoa limekamilika: yuko mtoaji, yuko mpokeaji, na kitu kimepita baina yao. Soko linaipenda zawadi iliyofutwa jina la aliyezawadiwa.

Hapa tena lugha inatuonyesha njia. Kiswahili hakisemi kwamba picha inachorwa na mwanga, wala kwamba inachukuliwa tu. Mtu hupigwa picha. Mwenye kamera ni mpigaji, na aliye mbele yake ni mpigwa, kama ngoma, kama muhuri, kama mtu aliyekosa. Mwigizaji aliyepigwa picha amekaa kimya chini ya taa za mwingine, amevalishwa nguo za mwingine, na kampuni ndiyo inayoimiliki sura yake. Anapoishika kalamu ndipo anapogeuka kuwa mtendaji. Wino unaigeuza picha iliyopigwa kuwa picha iliyotolewa. Kama mkusanyaji ana haki ya kujivunia kitu, ni hicho: kwamba uso ulio kabatini mwake umefika huko kwa ridhaa ya mwenye uso, japo ridhaa ya dakika moja mlangoni pa hoteli.

Yafaa kuutazama mfano uliotokea katika ardhi yetu. Kuanzia mwishoni mwa 1960 hadi mwanzoni mwa 1961, mwongozaji Howard Hawks alikuja Tanganyika kupiga filamu iliyotoka mwaka 1962 kwa jina la Kiswahili, Hatari! Kambi yake ilikuwa Momella, chini ya Mlima Meru, na nyota wake alikuwa John Wayne. Mwanamke mkuu wa filamu alikuwa Mwitaliano Elsa Martinelli, ambaye mwaka 1956 alikuwa ametunukiwa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Berlin, na ambaye alifariki Roma mwaka 2017. Picha zake za wakati ule zenye saini zingali zinatafutwa. Na ajabu ni kwamba katika filamu hiyo yeye ndiye mpigaji: anaigiza mpiga picha aliyetumwa kuja kuona wanyama wanavyokamatwa kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Analea watoto wa tembo, na Warusha wanamfanyia sherehe, wanampaka rangi na kumpa jina: Mama Tembo.

Tulitazame onyesho hilo polepole. Mwanamke mgeni, ambaye tayari ana jina lake la kuzaliwa, jina la usanii na jina la mhusika, anapewa jina la nne. Wanaompa hawatajwi hata jina moja. Nyuso zao zimejaa kwenye pazia, ni nzuri, zina mwanga, na mpiga picha hakuzionea. Lakini anayetaka kukusanya saini za filamu hiyo ataipata ya Wayne, ataipata ya Martinelli akiwa na fedha, na kwa wale wanawake walioipamba sherehe hatajua hata aanze kuuliza wapi.

Kutoka Momella, ukielekea kaskazini-magharibi na kulivuka Bonde la Ufa, unafika nchi ya Loliondo, na humo ipo Arash, kata ya wafugaji wa Kimasai katika wilaya ya Ngorongoro. Watu wa nchi hiyo ni miongoni mwa wanadamu waliopigwa picha mno duniani. Postikadi za mwanamke wa Kimasai, mwenye ushanga wa duara shingoni na hereni ndefu, zimeuzwa Arusha, Nairobi na hata katika maduka ya Mji Mkongwe, mamia ya kilomita kutoka kwenye ng'ombe wake. Chini ya picha pameandikwa kabila. Jina la mpiga picha mara nyingi lipo, kwa herufi ndogo. Jina la mama mwenyewe halipo. Wapo wanaokusanya kadi hizi pia, hasa zile za zamani, na kabati moja laweza kuwa na Elsa Martinelli mwenye saini juu na yeyo wa Kimasai asiye na jina chini.

Mtetezi wa mkusanyaji atasema kwamba mwigizaji alitafuta umaarufu na mama wa Arash hakuutafuta. Kwamba mgeni alimlipa pale pale. Kwamba pengine hakusoma. Hoja ya mwisho ni dhaifu kuliko zote. Asiyeshika kalamu ana dole gumba, na katika nchi ile ile alama za makubaliano zimewahi kuonekana kuwa na uzito wa kutosha. Mwaka 1958 viongozi wa Kimasai wa Ngorongoro na Loliondo walitia sahihi zao kwenye waraka wa Kiingereza wa kuachia madai yao juu ya Serengeti. Serikali ya kikoloni haikuona ugumu wowote kumtaka Mmasai sahihi siku ilipokuwa inahitaji ardhi.

Hoja ya malipo ni nzito zaidi. Shilingi zilizotolewa zililipia kusimama kwake juani. Hazikumwuliza kama angependa uso wake uende Hamburg, au ukae ndani ya fremu ukutani kwa mtu. Lakini pia si haki kudhani kwamba heshima ni kuandika kila jina juu ya kila uso. Kwetu visiwani, mabibi waliokwenda kupigwa picha studio, kama ile ya Ranchhod Oza iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930, wengi wao wasingependa picha zile zionwe na macho ya nje ya nyumba. Kufichwa kwa jina kwaweza kuwa stara. Tofauti ni nani aliyelificha. Mwana Kupona, alipoumaliza utenzi wake mwaka 1858, alilitaja jina lake na mji wake wa kuzaliwa, Pate, katika beti za mwisho. Sura yake hatuna, wala hakutupa. Alichagua kipi kitoke na kipi kibaki ndani. Huyo wa kwenye postikadi ni kinyume chake kabisa: sura imetoka yote, na jina limebaki Arash, linajulikana kwa watoto wake, kwa jirani na kwa anayemwita kisimani, na hakuna aliyevuka mita tano kutoka kwenye kamera kwenda kuliuliza.

Mkusanyaji mwenye kadi hiyo anayo kazi aliyokwisha jifunza. Anajua kuzisoma tarehe kwa aina ya karatasi, anajua kuwaandikia watu wa mbali, anajua kungoja jibu miaka. Kwa ajili ya mstari mmoja wa wino wa Harlow amekesha akilinganisha mkono wa mama na mkono wa binti. Akiigeuza kadi ya Kimasai atakuta pa stempu, pa anwani, na upande wa kushoto nafasi ya kutosha jina moja refu.