Malezi ya Mtoto Mdogo: Je, ni Sadaka au ni Deni?

Ndugu msomaji, ukipita asubuhi katika barabara itokayo Segera kwenda Korogwe, utaona mashamba ya mkonge, na mama mwenye kibarua shambani ameondoka nyumbani kabla jua halijapanda. Ukienda upande wa Handeni utamkuta mwenzake akitoka na jembe kwenda kwenye mahindi, au na ndoo kutafuta maji. Wote wawili wana swali moja: mtoto wa miaka miwili au mitatu abaki na nani? Mmoja humwachia dada yake mdogo, ambaye naye alipaswa kuwa darasani. Mwingine humbeba mgongoni na kumlaza chini ya mti pembeni mwa shamba.

Basi twauliza: Serikali inapotoa fedha kwa ajili ya kituo cha kulelea watoto wadogo, je, inatoa sadaka au inalipa deni? Swali hili si la maneno matupu. Mwenye kutoa sadaka huchagua kiasi na wakati, na akiacha kutoa hakuna awezaye kumdai. Lakini mwenye deni hana ruhusa ya kusema kwamba mwaka huu fedha zimekwenda kwingine, kwa kuwa mwenye haki yupo na anangoja.

Hebu tuitazame sheria yetu. Mwaka 1981 Tanzania ilitunga Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Wadogo Mchana. Sheria hiyo ilifutwa na mahali pake pakachukuliwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria ya 2009, katika kifungu cha 8, yamtaka mzazi au mlezi ampe mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Katika kifungu cha 94 imezipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto. Kuhusu vituo, yaeleza juu ya maombi, usajili na ukaguzi. Hayo ni mema, kwani hakuna anayependa mtoto alelewe katika nyumba ya hatari. Lakini ukaguzi peke yake haujengi choo, wala haumlipi mlezi mshahara. Kijiji maskini kikishindwa kutimiza masharti, kituo chake hufungwa, na mtoto hurudi chini ya ule mti. Hivyo sheria iliyokusudiwa kumlinda mnyonge huweza kuishia kumlinda yule tu ambaye tayari alikuwa na uwezo.

Neno moja katika sheria laweza kubadili hali ya maelfu ya watoto. Sheria ya Watoto ya Afrika ya Kusini ya mwaka 2005 yasema kwamba serikali ya jimbo “yaweza” kugharimia huduma za malezi ya awali, haikusema “lazima”. Penye “yaweza”, mama huomba. Penye “lazima”, mama hudai.

Baadhi ya watu hutoa hoja mbili kupinga jambo hili.

Kwanza, husema kwamba mtoto ni wa wazazi wake, na serikali haihusiki. Hapana shaka mzazi ndiye wa kwanza. Kurani Tukufu (2:233) imemwekea baba gharama ya mama anyonyeshaye, na papo hapo imekataza mama asitiwe taabuni kwa sababu ya mtoto wake. Lakini wajibu wa mmoja haufuti wajibu wa mwingine. Katika miaka ya 1970 lilijengwa bomba kubwa la kuwapelekea watu wa Handeni maji kutoka Mto Pangani. Hakuna aliyesema kwamba maji ni jukumu la kila mama na ndoo yake, kwani ilieleweka kwamba nyumba moja haiwezi kulaza bomba kama hilo. Na kituo cha watoto ni hivyo hivyo.

Pili, husema kwamba serikali ni maskini. Umaskini huchelewesha deni, lakini haulifuti. Mdaiwa maskini hulipa kidogo kidogo, akianza na mwenye shida kubwa zaidi, wala haruhusiwi kuchana hati ya deni. India, nchi yenye maskini wengi mno, ilianzisha mpango wa vituo vya watoto mwaka 1975. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliiamuru serikali ihakikishe kuwa vituo hivyo vinafika milioni 1.4 kabla ya mwaka 2008 kwisha. Mahakama ililihesabu jambo hilo kuwa haki ya mtoto.

Hapa kwetu pia deni limekwisha kukubaliwa kwa sehemu. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi, pamoja na darasa la awali, hutolewa bila ada. Na Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, yenye kuwahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Lakini programu ni nia njema yenye mwaka wa kuanza na mwaka wa kwisha. Kwa nini deni lianze mtoto anapofika mlango wa shule?

Swali hili lilikwisha kujibiwa zamani. Yasimuliwa kwamba Hadhrat Umar r.a. alikuwa ameweka posho kutoka katika hazina ya umma kwa kila mtoto aliyeachishwa ziwa. Usiku mmoja, akiulinda msafara uliofika Madina, alisikia mtoto akilia bila kunyamaza. Mama yake, asiyemtambua Khalifa, alimweleza kwamba anamwachisha ziwa mapema kwa kuwa Umar hampi posho mtoto anyonyaye. Alfajiri Umar alisalisha huku akilia hata watu wasiweze kusikia vema kisomo chake. Kisha akatangaza kwamba posho itaanza siku ya kuzaliwa.

Tazama, ndugu msomaji! Hakumlaumu yule mama. Aliona kwamba kosa lilikuwa katika sheria yake mwenyewe, iliyoanza kumhesabu mtoto kwa kuchelewa, na akairekebisha siku ile ile.

Nasi je? Katika mkutano wa kijiji na mbele ya diwani, tuulize bila matusi na bila woga: katika bajeti ya halmashauri, fungu la watoto wadogo ni lipi? Na tukiulizwa sisi mchango wetu wa tofali, nguvu na kodi, tusijifiche, maana adaiye haki naye hulipa wajibu wake.

Mwenyezi Mungu awajaalie viongozi wetu masikio ya kusikia mtoto anayelia usiku, na atujaalie sisi ujasiri wa kuwaeleza sababu ya kilio chake. Amin.