Ramadhani 12: Futari ya Nani?



Juzi baada ya tarawehe nimepata ujumbe wa sauti kutoka kwa kijana wetu mmoja aliye Doha, mlinzi wa kampuni. Anasema Ramadhani hii kampuni inaweka futari kambini: tende, sambusa, wali. Alhamdulillah. Kisha msimamizi akawatangazia kwamba pesa ya chakula ya mwezi huu haipo, kwa sababu "tunawafuturisha". Daku kila mtu ajitafutie. Kijana ananiuliza: "Ustadh, thawabu za hiyo futari ni zao, au ni zangu niliyeilipia?"

Nilicheka kidogo, halafu nikanyamaza.

Tuanze na haki yenyewe. Qatar, tangu Machi 2021, mshahara wa chini ni riyali 1,000 kwa mwezi. Mwajiri asiyetoa chakula cha kutosha huongeza 300, asiyetoa malazi huongeza 500. Basi ama alishe, ama alipe. Riyali 300 ni kama 10 kwa siku, hapo milo yote. Futari peke yake si chakula cha siku. Na daku je? Nauli ni hivyo hivyo: sheria yao ya kazi ya 2004 inamtaka mwajiri amrudishe mfanyakazi alikomtoa, kwa gharama yake, kazi ikiisha.

Sasa ndugu yangu, mimi nikikudai mia tatu, nawe ukaninunulia biriani ya hamsini mbele za watu kisha ukafuta deni, hapo umenikirimu? Utasema nia yako ilikuwa njema. Sawa. Anayelisha wanawe kwa nia njema ana ujira kwa Allah, ingawa kuwalisha ni wajibu. Lakini hatuhesabu ujira wa wajibu ambao haujatimia.

Someni kisa cha Nabii Musa (a.s.) katika Surat Al-Qasas. Alifika Madyan mgeni, amekimbia kwao, hana kitu. Akawanyweshea wasichana wawili mifugo yao bila kutaja malipo. Baba yao akamwita amlipe kazi ile kwanza. Mkataba ukaja baadaye. Miaka minane, na akitimiza kumi, hiyo ni hiari yake Musa. Mzee akasema hataki kumtaabisha. Wajibu na hisani vilitenganishwa siku ile ile ya kwanza, na aliyeachiwa mlango wa hisani ni mfanyakazi! Mimi nimeisomesha aya hii miaka mingi madrasani, na jambo hili nimeliona juzi tu, kwa sababu ya mlinzi wa Doha.

Na sisi huku tusijitoe. Mlio na dada wa kazi, wengine wamevuka Lunga Lunga kuja kwenu: kama ulimwahidi nauli ya Idd alipofika, usimpe hiyo nauli ndani ya bahasha ya zaka. Zaka hailipi deni lako wewe mtoaji.

Kijana nimemjibu hivi: hesabu ya thawabu mwachie Mwenyewe. Weka picha ya mkataba na karatasi za mshahara, nendeni wawili watatu kwa msimamizi, kwa adabu. Akikataa, Wizara ya Kazi ya huko inapokea malalamiko. Na ile futari kula, usiisuse. Tende hazina kosa.

Wabillahi tawfiq.