Mizani ya Goti Lililoumia

Muhula wa kwanza ndio msimu wa mpira wa magongo katika shule za sekondari za Kenya. Huko Kaaga, pembezoni mwa mji wa Meru, zipo Kaaga Girls na Kaaga Boys, shule mbili zinazoucheza. Mpira wa mchezo huu ni mgumu, una uzito wa takriban gramu 160, na mchezaji huukimbiza akiwa ameinama, magoti yamekunjwa. Anapogeuka ghafla kumkwepa mpinzani, uzito wote wa mwili hulalia goti moja. Hapo ndipo kano hukatika.

Kila anayeumia huacha ubishi nyuma yake. Lau asingeumia, husemwa, angewapita wote. Kauli hiyo hutoka kwa watu wenye huruma, lakini humpa mchezaji alama ambazo hakuna aliyezihesabu uwanjani.

Mfano ulio wazi ni David Rudisha, mkimbiaji wa Kenya. Agosti 2012, jijini London, aliongoza fainali ya Olimpiki ya mita 800 tangu mwanzo na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 1:40.91. Mwaka uliofuata goti likamkosesha mashindano ya dunia ya Moscow. Ni rahisi kumtunuku dhahabu ya Moscow kichwani. Tatizo ni kwamba mashabiki huujaza mwaka mtupu kwa siku bora za mwanariadha peke yake. Siku mbaya hawazikumbuki. Aliporejea mwaka 2014, Nijel Amos wa Botswana alimshinda katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Glasgow.

Kisha yakaja mashindano ya dunia ya Beijing, 2015. Rudisha aliongoza tena, ila safari hii kwa mwendo wa taratibu, akawazuia wenzake nyuma na kuchomoka mwishoni. Alitwaa ubingwa kwa 1:45.84, karibu sekunde tano nyuma ya rekodi yake. Mwaka 2016 akatetea dhahabu yake ya Olimpiki huko Rio. Hivyo miaka ya baada ya jeraha haistahili kuhesabiwa kama hasara tupu. Ilionyesha akili ya mbio ambayo Rudisha wa 2012, mwenye kasi ya kuwaacha wote, hakulazimika kuionyesha.

Wengine hutafuta haki kwa kugawanya: mafanikio kwa idadi ya mechi. Katika hoki ya barafuni, Bobby Orr wa Kanada alipata pointi 915 katika mechi 657 za ligi kuu ya Amerika Kaskazini kabla ya magoti kumstaafisha mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 30. Wayne Gretzky alifikisha 2,857 katika mechi 1,487. Wastani huonekana kuwaweka kwenye mizani moja, lakini aliyetoka mapema hakuwahi kubeba miaka ya kuchoka, ile inayoshusha wastani wa kila anayedumu. Isitoshe, Orr alikuwa mlinzi, na mlinzi hatarajiwi kufunga kama mshambuliaji.

Wala jeraha si kizuizi pekee. Wilson Kipketer, mkimbiaji mwingine wa mita 800 na mzaliwa wa Kenya, alikosa Olimpiki ya Atlanta 1996 kwa sababu uraia wake mpya ulikuwa bado haujakamilika, kisha malaria ikamvurugia msimu wa 1998. Ukimlipa Rudisha fidia ya goti, itabidi Kipketer naye alipwe ya karatasi na ya homa, na malipo hayo hayana mwisho.

Na bado hawa wote walibahatika kupata madaktari. Msichana anayekatika kano akiwa bado sekondari, nyumbani hakuna fedha za upasuaji wala za mazoezi ya tiba, huacha mchezo kabla hajaandikwa popote. Hakuna atakayebishana juu yake. Ulinganisho wa mabingwa huanza baada ya yeye kuondolewa, na ndiyo maana daftari la mwalimu wa michezo lingefaa kuwa na safu ya majeruhi kando ya ile ya mabao: nani aliumia, lini, alitibiwa wapi, na kama alirudi uwanjani.