Mwuguzi Mgonjwa na Zamu Yake

Tangu utoto tumefundishwa kumsifu mtu asiyekimbia tauni. Mtakatifu Aloisi Gonzaga aliwauguza wagonjwa wa tauni mjini Roma, akafa mwaka 1591, akiwa na miaka 23 tu. Padre Damiani alikaa na wakoma wa Molokai hata ukoma ukamwua mwaka 1889. Basi ni rahisi kudhani ya kuwa mwuguzi abakiye nyumbani kwa sababu ya homa ndogo ameiacha zamu yake kama askari mtoro. Dhana hiyo ni kosa, tena ni kosa la hatari.

Tuyatazame mambo ya korona. Mwezi wa Aprili na wa Mei 2020, katika hospitali ya Danderyd, Stockholm, nchini Uswidi, watumishi 2,149 walipimwa damu. Watu 19 hivi katika kila mia walionekana kuwa na kingamwili, yaani ile silaha ambayo mwili huifanya unapopambana na virusi. Wengi wao walikuwa wameugua; wengine hawakusikia dalili hata moja. Hao wa mwisho hawana hatia, kwa maana hakuna atendaye dhambi katika jambo asilolijua. Lakini mtu aliyejisikia homa, au aliyeona chakula hakina ladha wala harufu, naye akavaa nguo zake za kazi akaenda kumgeuza mzee kitandani, je, alitoa sadaka gani? Damiani aliutoa uhai wake mwenyewe (na wale aliowahudumia walikuwa na ukoma tayari). Huyu aliuweka hatarini uhai wa mzee, wala hakumwuliza. Amri ya tano haikatazi kisu peke yake.

Wako waliosema: aliyekwisha kupona apewe cheti, apelekwe kwenye wodi zilizo ngumu, wala asisikilizwe akisema anaumwa. Shirika la Afya Duniani lilionya juu ya vyeti vya namna hiyo mwezi wa Aprili 2020. Ni kweli, baadaye huko Oxford ilionekana kwamba kinga ile haikuwa bure: kati ya watumishi 1,265 wenye kingamwili, wawili tu walionekana tena na virusi katika miezi iliyofuata, nao hawakuwa na dalili, kati ya 11,364 wasio nazo, walikuwa 223. Lakini mwisho wa mwaka 2021 ikaja Omikroni, ikawapata wengi waliojiona salama. Aliyepona akijitolea kushika zamu ya mwenzake, hayo ni mapendo, na tumshukuru. Akilazimishwa kwa sababu ya kilichomo katika damu yake, hayo ni mambo mengine. Damu ya mtumishi si mali ya msimamizi.

Limebaki jambo la ujira, na hapa ndipo penye uzito. Katika Uswidi mtumishi anapougua, hukatwa malipo ya mwanzo wa ugonjwa, kiasi cha kama siku moja. Kuanzia Machi 2020, wakati wa janga, serikali ikalipa fidia ya makato hayo. Walielewa ya kuwa mtu hawezi kuambiwa, “Kaa nyumbani kwa ajili ya wengine,” kisha gharama ikawa yake peke yake.

Nasi je? Mfikirieni mama afagiaye wodi kwa kibarua, alipwaye kwa siku. Asubuhi anakohoa, mwili wamchemka, na watoto wanne wanamtazama. Akienda, atawaletea wagonjwa wetu hatari. Asipoenda, jioni hakuna unga. Papa Leo XIII aliandika mwaka 1891 kwamba ujira wa haki sharti umtoshe mfanyakazi kuishi. Na kibarua huishi hata siku anapoumwa. Sisi tunaotaka abaki nyumbani tuna deni kwake. Halmashauri za hospitali zetu, na zile za Kanisa ziwe za kwanza, huandika katika makisio ya mwaka dawa, sabuni na mafuta ya jenereta. Ziandike pia siku za ugonjwa za huyo mama.