Kidole cha Nani?

Ndugu msomaji, hebu nikuulize. Kifaa ni kimoja, wagonjwa ni wawili. Utakibana kwenye kidole cha nani? Usikimbilie kujibu. Mimi nilijibu haraka, na mpaka leo jibu langu linanikaba kooni.

Dada yangu aliletwa kutoka Mbwera, ndani ya delta ya Rufiji. Mimba ilikuwa imetunga nje ya mji wa mimba, damu inavujia tumboni. Huko hata mgonjwa mahututi huisubiri bahari, mpaka maji yajae ndipo boti ipite kwenye mikoko. Tukafika Nyamisati, tukapata gari, tukafika hospitali ambayo sitaitaja, maana nia yangu si kumchongea mtu.

Wakati anaingizwa chumba cha upasuaji, sista akatoka mbio kuelekea wodi ya watoto. Nikamfuata bila kuelewa. Kumbe oksimita iliyokuwa ikifanya kazi usiku ule ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa imebanwa kidoleni kwa mtoto wa kama miaka miwili, homa ya mapafu imemkamata, mbavu zinaingia na kutoka.

“Mama, naomba hiki kidogo. Kuna mtu analazwa nusu kaputi,” sista alisema.

Yule mama alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi.

“Chukueni tu. Mwenzangu atakuwa kalala. Wangu namwona.”

Nikafurahi. Naam, nilifurahi, tena sana.

Inasemekana neno kaputi tuliachiwa na Wajerumani, wale wale ambao Julai 1915, baada ya kupigwa na Waingereza, waliizamisha wenyewe meli yao ya vita Königsberg humu humu deltani. Neno lenyewe halisemi uongo. Aliyelazwa nusu kaputi hawezi kulia wala kuomba. Ulimi wake hulegea ukaweza kuziba njia ya hewa, ndiyo maana mtaalamu wa usingizi humwinua taya, humwekea mrija, humpulizia hewa kwa mfuko wa kubinya. Mrija ukienda kombo, mgonjwa hasemi. Basi oksimita humsemea. Hupitisha mianga miwili kidoleni, mmoja mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, ikapima damu imebeba oksijeni kiasi gani. Ikishuka chini ya asilimia 90, hiyo ni hatari, na ubongo uliokosa oksijeni hauvumilii dakika nyingi.

Tarehe 28 Januari 1848, huko Uingereza, binti wa miaka 15 aitwaye Hannah Greener alivutishwa klorofomu ili atolewe ukucha wa mguu. Ukucha tu, jamani! Hakuamka. Waliomzunguka hawakuwa na kipimo zaidi ya macho yao na vidole vya kupapasa mapigo ya moyo. Oksimita tunayoijua ilitokana na kazi ya Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970.

Kwa hiyo sista alikuwa na hoja. Mtoto ana mama wa kumtazama, aliyelala hana. Lakini macho ya mama yanaona mbavu tu, damu hayaioni. Tena mtoto wa miaka miwili naye ataieleza nini pumzi yake?

Dada alipona. Mtoto naye alipona. Wenzangu niliowasimulia wanasema, “Sasa unalalamika nini?” Nalalamika kwa sababu bahati si hoja. Mtu akivuka barabara kafumba macho, kufika ng’ambo salama hakumfanyi kuwa na busara.

Linalonisumbua hasa ni lile neno “chukueni tu.” Nililipokea kama zawadi. Lakini je, ridhaa ya mtu asiyeweza kukataa ni ridhaa? Mwanawe yu mikononi mwa sista yule yule anayeomba. Ndugu wa mgonjwa mwingine kasimama mlangoni anamkodolea macho. Angesema hapana, angeitwa mchoyo. Alitoa, sikatai, na utu wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Ila mlango wa kukataa ulikuwa umefungwa kabla hajafumbua mdomo.

Nani aliufunga? Si sista. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lina orodha ya usalama wa upasuaji, na kabla mgonjwa hajalazwa usingizi inauliza kama oksimita imefungwa na inafanya kazi. Haiulizi imetolewa kwa nani. Aliyeandika swali lile hakumwona yule mama. Na hata kifaa chenyewe hakituoni sawasawa: utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe.

Basi nimefikia hapa. “Kidole cha nani?” ni swali lililoharibika tangu mwanzo. Wanaopanga bajeti, na sisi tunaokaa kamati za harusi lakini hatujawahi kukaa hata moja kwa ajili ya wodi, tunalikwepa mchana ili sista alijibu usiku wa manane.

Lakini nisijifiche nyuma ya bajeti. Kifaa kiliporudishwa wodini alfajiri, mimi nilikuwa nimeshalala kwenye benchi. Sikwenda kumpa pole yule mama. Hata jina la mtoto sikuuliza.