Sifa ya Kuwa wa Kwanza

Kagunga ni kijiji kilichobanwa baina ya milima na Ziwa Tanganyika, kaskazini ya msitu wa Gombe, karibu na mpaka wa Burundi. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza, ulioaminiwa kutoka kwa wanadamu, uliingia Gombe ukawalemaza na kuwaua sokwe. Dawa ya kinga ilitiwa ndani ya ndizi, wakalishwa. Tangu hapo ni vigumu kwa mtu wa ufuko ule kudai kuwa afya ya mnyama haimhusu jirani yake.

Nani, basi, astahili kufundishwa kuwatibu wanyama? Katika nyumba nyingi za nchi hii mwanamke ndiye afagiaye banda la mbuzi alfajiri, naye ndiye wa kwanza kumwona aliyeacha kula. Lakini mjuzi akihitajiwa, huitwa bwana mifugo. Lugha imekwisha kumchagua mwanamume kabla hodi haijabishwa.

Wapinzani husema kazi hii yataka nguvu. Hoja hiyo ni dhaifu kuliko wanavyodhani. Fahali ana nguvu kupita mwanamume yeyote, wala hakuna bwana aliyemshinda kwa misuli. Hushindwa kwa kamba, kwa uzio mwembamba, na kwa mtu ajuaye mshipa ulipo.

Aleen Cust alimaliza masomo ya udaktari wa wanyama Uingereza mwaka 1900, lakini hakupewa cheti mpaka 1922, baada ya sheria kubadilishwa. Katika miaka ishirini na miwili hiyo farasi hawakubadilika, wala mikono yake. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, Bibi Wangari Maathai alipata shahada ya udaktari wa falsafa Nairobi mwaka 1971, na mwaka 1976 akawa mkuu wa idara ya anatomia ya wanyama katika chuo kikuu kile. Uganda, mwaka 1996, Dakta Gladys Kalema-Zikusoka alikuwa daktari wa wanyamapori wa kwanza wa mamlaka ya hifadhi za nchi hiyo. Gorila wa Bwindi walipopukutika manyoya kwa upele, na mtoto wao mmoja akafa, aliufuatilia ugonjwa hadi kwa watu waishio kando ya msitu. Mwaka 2003 alianzisha jumuiya ya kutunza afya ya watu na gorila pamoja. Ni funzo lile lile la Gombe, safari hii likisomwa na mwanamke mwenye mamlaka ya kutenda.

Wanawake hawa husifiwa kwa neno moja: wa kwanza. Sifa hiyo ni ya haki kwao, lakini kwa jamii ni hati ya mashtaka. Hawakuwa wa kwanza kuwa na akili; walikuwa wa kwanza kupishwa mlangoni. Waliorudishwa kabla yao hawana majina, na wanyama ambao wangeliponywa nao hawana hesabu.

Leo mlango wa Morogoro, mafunzo ya udaktari wa wanyama yalikoanza mwaka 1976 na ambako Chuo Kikuu cha Sokoine kiliundwa mwaka 1984, haumzuii binti kwa sheria. Lakini mlango ulio wazi mbali si mlango wa wote. Mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, walisafirishwa hadi Kigoma kwa meli ya Liemba, kwa kuwa barabara haikuwapo. Binti wa ufuko ule sharti apate mwalimu wa kemia na bayolojia, kisha nauli ya ziwani, kisha nauli ya reli au basi, na ada juu yake. Fedha hizo aghalabu hutoka bandani. Mbuzi akiuzwa, zitamsomesha kaka au dada? Jambo hilo huamuliwa nyumbani, usiku, na mama aliyemlea mbuzi yule mara nyingi haulizwi.