Zamu ya Kusikia
Somo: Yakobo 1:19



Yakobo anatupangia mambo matatu: tuwahi kusikia, tusikimbilie kusema, tusikimbilie kukasirika. Wengi wetu tunaanzia mwisho: hasira kwanza, kisha maneno, na kusikia kama muda umebaki. Juma hili natamani tujifunze mpangilio huo kwa watu wa redio za ridhaa, wenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), wanaowasiliana na mataifa ya mbali bila bando wala mnara wa simu.

Siku hizi wengi wao hawatumii maikrofoni. Sauti inayonaswa na redio hupitishwa kwa waya hadi kwenye kompyuta, nayo huigeuza kuwa maandishi. Wakijibu, kompyuta hutoa milio, redio ikairusha hewani. Mtindo mmoja, FT8, ulibuniwa mwaka 2017 na Steve Franke pamoja na Joe Taylor, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel. Saa za vituo hulinganishwa, na muda hugawanywa vipande vya sekunde 15. Ukituma katika kipande hiki, kinachofuata unanyamaza umsikie mwenzako. Ujumbe wa kujiandikia hauzidi herufi 13. Kwa nidhamu hiyo, mtu wa Ruangwa mwenye redio ndogo na waya uliotundikwa mwembeni anaweza kupokelewa Ulaya, hata kama milio yake imefifia kiasi kwamba sikio lisingeitambua.

Kuna mtego kwa anayeanza. Hupandisha sauti ya kompyuta akidhani atafika mbali zaidi. Redio huzidiwa, milio huharibika na kuzaa mingine isiyotakiwa, na majirani katika masafa yale hushindwa kuwasiliana. Mzoefu hushusha sauti mpaka milio itoke safi.

Hasira hutufanyia vivyo hivyo. Mzazi akifoka, mtoto hubaki na woga tu, kosa lenyewe halijui. Kwenye mkutano wa chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS), wanachama wakisimama wote kwa pamoja kulalamikia bei ya korosho, hata mwenye hoja ya haki haeleweki.

Nachingwea yetu inajua gharama ya kutangulia kusema kabla ya kusikia. Baada ya ukaguzi wa haraka wa mwaka 1946, Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga hapa, Kongwa na Urambo. Matrekta yalikuja, reli ikajengwa kutoka pwani. Wakulima walioijua ardhi na mvua zake hawakusikilizwa vya kutosha. Januari 1951 mradi ukaachwa, na reli nayo baadaye ikang'olewa.

Basi tujiulize: nyumbani mwangu, ni nani ambaye sijampa zamu? Huenda ni mke anayekatizwa kila akianza, au kijana tunayemhukumu kabla hajamaliza kueleza. Hata katika sala tunamjazia Mungu maombi, tukasema Amina na kuondoka bila kungoja lolote.

Juma hili mchague mtu mmoja. Akiongea, msikilize mpaka amalize, kisha mweleze ulichokielewa kabla ya kutoa jibu lako. Ukihisi sauti inapanda, ishushe kwanza.

Tuombe: Ee Bwana, utupe masikio yenye subira na maneno machache yaliyo safi. Utusaidie kuwasikia wale tuliozoea kuwanyamazisha. Amina.